Sekstanti ya Laki na Themanini

Siku mbili kabla boom la mwezi wa tano halijaingia, baba alinipigia simu. Betri ya taa zake ilikuwa imekufa, na giza lilikuwa linakaribia. Kwetu Musoma, ukimsikia mvuvi wa dagaa anasema "giza", hamaanishi usiku tu. Anamaanisha yale majuma ambayo mwezi haupo, taa za wavuvi zinakuwa mwanga pekee ziwani na dagaa wanazifuata. Mwezi ukijaa, dagaa hawashikiki, wavuvi wanakaa nyumbani kutengeneza nyavu. Kwa hiyo giza likikukuta huna taa, umepoteza mwezi mzima.

"Ukipata chochote mwanangu, hata laki na nusu, nitakurudishia," alisema.

Nikamwambia, "Boom bado, baba." Siku hiyo ilikuwa kweli. Baada ya siku mbili haikuwa kweli tena, na sikumpigia kumwambia.

Laki na themanini ya boom lile niliinunulia sekstanti.

Najua wengi mnaosoma hapa hamjawahi kuiona, na mimi pia mpaka mwaka huu nilikuwa nimeiona kwenye picha tu. Ni kifaa cha mkononi cha kupimia pembe kati ya vitu viwili vilivyo mbali. Kina vioo viwili, kimoja kimefungwa kwenye mkono unaozunguka. Unatazama upeo wa macho, pale maji yanapokutana na anga, kisha unasogeza ule mkono mpaka jua au nyota "ishuke" na kugusa ule mstari. Pembe unaisoma kwenye kipande cha duara kilicho chini. Ukiwa na pembe hiyo, saa sahihi na kitabu cha almanaka, unaweza kujua uko wapi duniani bila kuuliza mtu. Mabaharia walikitumia hivyo kwa zaidi ya miaka 200. Na wala si mambo ya makumbusho tu: mwaka 2015 chuo cha jeshi la majini la Marekani kule Annapolis kilirudisha somo hili, baada ya kuliacha kwa miaka mingi, kwa sababu mitambo ya GPS inaweza kuvurugwa.

Lakini mimi si baharia wala mwanajeshi. Nasoma ualimu, Jiografia na Hisabati, mwaka wa pili. Sababu yangu ni nyingine.

Nilipokuwa darasa la sita, baba na wenzake wawili walipotea ziwani. Injini ilizima usiku, upepo ukawachukua. Wakakaa huko usiku mbili. Nyumbani watu walishaanza kuja kukaa na mama kimyakimya, si mnajua ule ukaaji. Siku ya tatu asubuhi walifika wakipiga kasia, midomo imepasuka. Baada ya wiki kadhaa, aliposema kidogo, alisimulia kwamba nyota ndizo zilizowaleta. Kwetu tuko karibu sana na ikweta, hivyo nyota zinachomoza zikipanda wima na kuzama wima. Ikichomoza nyota mashariki unaweza kuifuata muda mrefu haijahama upande, ikishapanda sana unachukua nyingine inayochomoza nyuma yake. Baba alijua hilo bila kufundishwa na mtu mwenye digrii.

Nilimuuliza, "Kwa hiyo hukuogopa?"

Akasema, "Niliogopa. Nyota inakwambia uendako. Haikwambii ulipo. Mashariki nilikuwa naijua, lakini sikujua kama niko karibu na Rukuba au nimeshafika Uganda."

Hilo neno nilikaa nalo miaka yote. Mwaka wa kwanza hapa chuoni, kwenye kipindi cha latitudo na longitudo, mhadhiri alichora Nyota ya Kaskazini akasema: pembe ya nyota hii juu ya upeo wa macho ndiyo latitudo yako, kazi imeisha. Nikasema basi, jibu la baba nimelipata! Likizo nikaenda mwaloni usiku kuitafuta. Musoma iko digrii 1 na dakika 30 kusini mwa ikweta. Kwa hesabu ile ile ya mhadhiri, Nyota ya Kaskazini kwetu iko chini ya upeo. Haionekani. Nilitazama kaskazini kama nusu saa ndipo nikaifikiria hesabu vizuri, nikajicheka.

Hapo nilianza kuelewa kitu ambacho kimenisumbua mpaka leo: madesa mengi ya somo hili yameandikwa na watu wa huko juu, wenye nyota yao ya kaskazini na bahari mbele ya mlango. Hata manahodha wa Bahari ya Hindi waliotumia kamal, ule ubao mdogo wenye uzi wa mafundo unaoshikwa kwa meno, walipima zaidi nyota hiyo hiyo walipokuwa wanavuka kwenda Arabuni na India. Vasco da Gama alipochukua rubani Malindi mwaka 1498, ndiyo aina ya elimu aliyokuwa anaitafuta. Sisi wa ziwani tuko chini ya mstari, tutafute nyota zetu.

Sasa suala la kununua. Nilianza na cha bure. Chukua protakta, funga uzi kwenye kitundu cha katikati, ning'iniza nati, chungulia nyota kupitia mrija wa kalamu uliobandikwa kwenye ule upande ulionyooka. Uzi unakuonyesha pembe. Hakihitaji upeo wa macho kwa sababu uzi wenyewe unajua chini ni wapi. Kwa kufundishia ni kizuri sana na namshauri kila anayekwenda TP akitengeneze. Shida ni kwamba kinakosea nusu digrii kirahisi, na nusu digrii ya latitudo ni kama kilomita 55. Kutoka Musoma mpaka Bunda, ukichora mstari ulionyooka, ni kama kilomita 60. Maana yake kifaa changu kilikuwa kinaweza kuniambia niko Musoma wakati nimesimama stendi ya Bunda. Kwa mtu aliyepotea ziwani hiyo si habari njema.

Cha pili kilikuwa kishawishi. Kwenye duka moja la vinyago na vitu vya kale hapa mjini niliona sekstanti ya shaba, inang'aa, ndani ya sanduku la mbao, imechongwa neno London na mwaka. Muuzaji akaniambia, "Dada, hii ni antiki, imetoka kwenye meli ya Mwingereza." Bei nzuri tu. Moyo ukaenda mbio. Bahati nilikuwa nimesoma namna ya kuijaribu. Unaweka mkono kwenye sifuri, unatazama kitu kilicho mbali, ukingo wa paa la ghorofa kwa mfano. Kikiwa kizima, unaona paa moja. Mimi niliona mapaa mawili, moja juu ya jingine kama godoro limewekwa kombo. Hilo peke yake si kosa kubwa, vioo huwa vinarekebishwa kwa skrubu. Nikatafuta skrubu. Hazikuwepo, vioo vilikuwa vimegundishwa kabisa. Na mistari ya digrii ilikuwa imechorwa kwa ajili ya kupendeza, haikulingana umbali. Kimeo. Ni pambo la mezani, na zipo nyingi sana duniani, kwa hiyo ukiona ya shaba yenye bei ya kuvumilika, jua hivyo.

Kuna za chuma za kweli, mpya, zinazotengenezwa China na Ujerumani. Hizo nilizitazama kwenye simu kama mtu anavyotazama gari. Hata boom la mwaka mzima lingelia.

Zikabaki za plastiki. Zipo za kampuni ya Davis ya Marekani: Mark 15, yenye darubini na kirungu cha kuzungusha taratibu, na Mark 3, isiyo na darubini, ina mrija tu wa kuchungulia na skeli ya venia ya kusomea dakika za pembe mbili mbili. Dakika ya pembe, kwa asiyejua, ni digrii moja kugawanya kwa 60, na kwenye latitudo dakika moja ni maili moja ya baharini, mita 1,852. Watu wanaidharau plastiki kwa sababu inapinda kwenye joto. Ukiipima sifuri asubuhi, mchana sifuri imehama. Lakini dawa yake ipo: pima sifuri kila unapotaka kuitumia, kabla na baada. Rafiki yangu wa hosteli ana shangazi yake Canada, akasema anaweza kuipata Mark 3 ya mtumba na kuja nayo mwezi wa sita. Ndiyo hiyo laki na themanini.

Jambo moja tu sikuliangalia nilipochagua, na nilisoma kurasa na kurasa kuhusu vioo, darubini na plastiki: skeli inaishia wapi.

Wiki ya kwanza ya mwezi wa saba nilirudi Musoma kabla ya TP kuanza. Somo la kwanza la kila kitabu ni jua la saa sita mchana. Unalipima likiwa juu kabisa, unafanya kujumlisha na kutoa, unapata latitudo. Nikaenda mwaloni na kofia na daftari. Mwezi wa saba jua linapita upande wetu wa kaskazini, kwa hiyo nilitazama kaskazini. Tatizo: kaskazini ya Musoma si maji yasiyo na mwisho. Ni Ghuba ya Mara, na ng'ambo unaona kabisa nchi kavu ya Rorya. Upeo wa macho wa kweli haupo, kuna ufukwe, na ufukwe ulio karibu unadanganya pembe.

Sawa. Kitabu kina jibu kwa walio nchi kavu: tengeneza upeo wa bandia. Chukua chombo chenye kimiminika kilichotulia. Kimiminika siku zote hulala sawasawa, kwa hiyo jua lililo angani na jua linaloonekana ndani ya kimiminika viko umbali ule ule juu na chini ya upeo. Unapima pembe kati ya hayo mawili, unagawanya kwa mbili. Wapelelezi wa Kizungu waliopita huku walifanya hivyo kwa zebaki. Mimi nilichukua sinia la mama na mafuta ya kula.

Nikasogeza mkono, 90, 100, 110, 120. Mkono ukagota. Jua halijafika kwenye sinia.

Nilidhani imeharibika. Nikakaa chini ya mwembe na kalamu. Mapema mwezi wa saba, jua la mchana Musoma lina pembe kama digrii 65 na nusu. Mara mbili ni 131. Sekstanti maana yake ni moja ya sita: kile kipande cha duara ni digrii 60, na kwa sababu mwanga ukigonga kioo kilichozunguka digrii moja unageuka digrii mbili, kinasoma mpaka 120, zaidi kidogo kwa baadhi. Nikapiga hesabu ya mwaka mzima. Jua linapokwenda kaskazini kabisa mwezi wa sita, kwetu pembe yake ni 65. Desemba likiwa kusini kabisa ni 68. Kati ya hapo linapanda mpaka utosini. Kwa hiyo hakuna siku hata moja ya mwaka ambayo jua la saa sita, Musoma, Butiama au Bunda, linaweza kupimwa kwenye sinia kwa sekstanti ya kawaida. Wala ile ya Kijerumani ya mamilioni isingeweza. Hilo lilinifariji kidogo, nakiri.

Ndiyo maana wapelelezi kama Speke, ukisoma habari zao, wanahangaika na nyota usiku. Speke aliliona ziwa letu tarehe 3 Agosti 1858 upande wa Mwanza, Stanley akalizunguka kwa mashua yake ya Lady Alice mwaka 1875. Nilikuwa nadhani wanapenda usiku. Kumbe hesabu zinawalazimisha.

Basi nami nikatafuta nyota. Nilitaka iwe kali, isiwe juu sana, na ipite kusini mapema usiku. Wengi tunaujua Msalaba wa Kusini, lakini mwezi wa saba giza likiingia unakuwa umeshaanza kulala magharibi. Pembeni yake kuna nyota mbili kali zinazouelekezea, na ile iliyo mbali zaidi na Msalaba ni Alfa Sentauri. Umbali wake kutoka ikweta ya anga ni digrii 60 na dakika 56 kusini. Wiki ile ilikuwa inafika kilele chake kusini saa 2 na dakika chache usiku, ikiwa kama digrii 30 na nusu tu. Mara mbili ni 61. Inaingia kwenye skeli vizuri kabisa.

Mwezi ulikuwa umejaa, kwa hiyo baba alikuwa nyumbani. Nilipomwamkia asubuhi na kumwomba anisindikize mwaloni usiku, hakuuliza sana. Ndiye aliyesema mafuta ya kula ni meupe mno, nyota haitaonekana, tutumie oili chafu ya injini. Alikuwa sahihi, kwenye oili nyeusi nyota ilitokea kama ncha ya sindano. Upepo ulipoitikisa, alichukua karai kubwa la dagaa akalikinga upande wa ziwani, amechuchumaa, ameshika kwa mikono miwili. Mimi nimepiga magoti mchangani nachungulia sinia, na watoto wa jirani wanauliza tunatafuta nini.

Nilikuwa nimeshajua habari ya betri. Mama aliniambia siku niliyofika. Aliponikosa mimi, baba alikopa kwa mama mmoja mnunuzi wa dagaa, kwa sharti kwamba amuuzie yeye tu, na kila ndoo anakatwa elfu tatu mpaka deni liishe. Magiza mawili yalikuwa yamepita hivyo.

"Hiki kimekula shilingi ngapi?" akauliza, bado ameshika karai.

Nilikuwa na uongo umeshaiva mdomoni: cha chuo, nimeazima. Sijui kwa nini haukutoka.

"Laki na themanini, baba."

"Lini?"

"Mwezi wa tano."

Hakusema kitu. Kwa muda nilisikia maji tu. Nilitamani agombe. Baadaye akauliza, "Nyota yako bado inapanda, au imesimama?"

"Imesimama."

"Soma basi, kabla haijashuka."

Nikasoma. Baada ya kutoa kosa la sifuri ilikuwa digrii 61 na dakika 4. Nusu yake 30 na dakika 32. Nikatoa dakika 2 kwa sababu hewa inapinda mwanga na kuipandisha nyota, ikabaki 30 na nusu. Toka nyota hadi utosini ni 59 na nusu. Digrii 60 na dakika 56 kutoa hiyo, ni digrii 1 na dakika 26 kusini. Simu yangu ilikuwa inasema 1 na 30. Nimekosea dakika 4, kilomita 7 na kitu, upande wa kaskazini. Nilimweleza baba kwamba kwa hesabu yangu tumesimama ng'ambo ya ghuba.

"Kumbe tumehamia Kinesi," akasema. Akacheka, nami nikacheka, lakini si vizuri.

Tukiwa tunarudi, amebeba karai kichwani, ndipo alisema. "Ungeniambia tu unanunua kitu cha shule. Ningekwambia nunua. Nisingekuomba tena." Basi. Sikulala vizuri siku hiyo, na kama kuna mtu aliyewahi kumwambia mzazi "boom bado", anaelewa.

TP yangu ilikuwa Butiama. Kufundisha huko kuna vituko vyake, kwa sababu ukisema "mwalimu" watu wanamfikiria mmoja tu, aliyezaliwa hapo mwaka 1922 na kuzikwa hapo. Wanafunzi wananiita madam. Kidato cha tatu walikuwa kwenye mada ya upimaji, na mwalimu wa darasa aliniambia niwafundishe mnyororo na dira, nimalize. Nikafundisha. Lakini wiki ile ile ya kwanza nilimwomba matroni wasichana wa hosteli watoke nje robo saa tu, kabla ya prepu.

Kulikuwa na haraka. Kila siku nyota inawahi dakika 4. Musoma ilikuwa saa 2 na kidogo. Butiama ilikuwa imeshasogea hadi saa 2 kasoro dakika 10. Wiki mbili mbele ingefika kileleni anga bado jeupe. Wasichana kumi na mmoja wakazunguka sinia la oili, mmoja ameshika kanga kukinga upepo. Kila mmoja alichungulia, wengi hawakuona kitu, wawili waliona wakapiga kelele mpaka matroni akatoka. Jibu lilikuwa digrii 1 na dakika 42. Ramani inasema Butiama ni 1 na 46.

"Madam, umekosea tena," akasema mmoja, kwa sababu nilikuwa nimewaambia ya Kinesi.

Alikuwa na haki. Lakini nilipolala niliwaza: nimekosea dakika 4 Musoma, na dakika 4 Butiama. Upande ule ule.

Jumamosi nikatoka hadi barabara kuu ya Musoma na Mwanza, nikapanda basi kwenda kwa shangazi Bunda, na dumu la oili kwenye mfuko wa plastiki miguuni, abiria wananitazama kama fundi aliyepotea. Shangazi aliniuliza kama chuoni siku hizi tunasomea ufundi magari. Nyota ilikuwa inafika kilele saa 2 kasoro dakika 26, mwanga wa jioni bado haujaisha. Dakika kumi za kwanza sikuona chochote kwenye oili. Nilishaanza kukunja vitu, shangazi ndiye aliyesema subiri kidogo, mbona unafanya haraka kama unafukuzwa. Ikatokea. Nikasoma mara tatu, nikachukua ya katikati. Digrii 1 na dakika 57. Bunda ni kama 2 na dakika 2.

Kwa hiyo kila mahali sekstanti yangu inanisukuma kaskazini dakika 4 au 5. Ina kosa lake la kudumu, labda kwenye skeli, labda kwenye jicho langu. Lakini ukitoa Musoma kwenye Bunda kwa vipimo vyangu unapata dakika 31, kilomita 57, na hiyo ni karibu kabisa na kweli. Ukishalijua kosa la kifaa chako, unalitoa. Jumatatu niliandika namba tatu ubaoni, nikawaambia kidato cha tatu wakokotoe umbali kutoka Musoma hadi Bunda bila ramani. Walipata. Yule msichana aliyesema nimekosea akauliza kama tunaweza kuijua pia longitudo. Nikamwambia inahitaji saa sahihi na hesabu ndefu zaidi, nami bado najifunza. Ndivyo ilivyo, nyota za mashariki na magharibi bado nazihangaikia.

Nilimpigia baba usiku ule ule wa Bunda. Nilimweleza habari ya dakika 4 kila mahali. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kama mizani ya yule mama. Inapunja, lakini inapunja sawasawa." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Pesa ya field ilipoingia nilituma elfu tisini kabla sijanunua hata vocha. Nimebakiza elfu sitini, na safari hii boom likitoka atajua siku hiyo hiyo. Deni la mnunuzi lilikwisha mwezi wa nane. Meseji aliyonijibu haikutaja hela. Aliuliza Desemba itakuwepo nyota gani, maana ile ya kwetu hata yeye ameona haipo tena jioni.

Nikaangalia almanaka, nikamwandikia: Achernar, kusini, Krismasi saa 2 na dakika chache usiku, digrii 34 juu ya maji.

Akajibu: "Wiki hiyo ni giza, nitakuwa ziwani. Niandikie jina lake vizuri."